Kitabu cha Picha Kwanza, cha Mazoezi Baadaye

Kuanzia katikati ya Desemba hadi shule zinapofunguliwa Januari, maduka ya vitabu na steshenari ya Kariakoo na Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, hujaa wazazi. Meza za mbele hupangwa vitabu vya mazoezi vya watoto wadogo: jifunze kuandika herufi, jifunze kuhesabu, unganisha nukta, paka rangi. Majalada yanang'aa, bei ni nafuu, na muuzaji anajua la kusema: "Mama, hiki ndicho wanachotumia shuleni." Vitabu vya hadithi vyenye picha viko rafu ya nyuma, vichache, vingine vimepauka kwa kukaa muda mrefu bila mnunuzi. Mzazi mwenye mtoto wa miaka minne huondoka na vitabu vitatu vinne vya mazoezi, na cha hadithi hana hata kimoja.

Mzazi huyo anaongozwa na hofu, na hofu yake ina sababu. Shule nyingi binafsi za mijini humfanyia mtoto usaili kabla ya kumpokea: ataje herufi, ahesabu hadi ishirini, aandike jina lake. Kitabu cha mazoezi kinaahidi hayo yote, tena kinatoa ushahidi. Ukurasa uliojaa herufi a unaonekana. Baba akirudi kazini anaonyeshwa, shangazi akija kutembea anaonyeshwa. Hadithi iliyosomwa jana usiku haiachi alama kwenye karatasi, kwa hiyo hudhaniwa kuwa ni mchezo wa kumlaza mtoto.

Mimi naamini kinyume chake. Kwa mtoto ambaye hajafika darasa la kwanza, kitabu cha picha anachosomewa na mtu mzima aliyempakata ndicho kinachomwandaa kuwa msomaji. Kitabu cha mazoezi ni msaidizi, na kinahitaji kuchaguliwa kwa uangalifu mkubwa kuliko tunavyofanya, kwa sababu vingi vilivyoko sokoni vimetengenezwa kwa haraka na watu ambao hawakumfikiria mtoto anayezungumza Kiswahili.

Tunajua gharama ya kukosea hapa. Taasisi ya Twaweza ilipoanza kufanya tathmini za Uwezo, kwa kuwafuata watoto majumbani na kuwapa maandishi mepesi wasome, ripoti zake za mwanzo kuhusu Tanzania zilionyesha kwamba takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Madarasa yaliyojaa kupita kiasi, walimu wachache na njaa vina sehemu yao katika hali hiyo. Lakini wapo watoto wengi wanaoingia shule wakiwa wameshika penseli mara nyingi na hawajawahi kushika kitabu cha hadithi. Herufi wanazijua moja moja. Kwamba herufi hizo zikikaa pamoja zinaweza kumfanya mtu acheke, aogope au atake kujua kilichotokea baadaye, hilo hakuna aliyewaonyesha.

Namna ya kusoma nayo ina uzito wake. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake, wa chuo kikuu cha Stony Brook katika jimbo la New York, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na wazazi wa watoto wenye umri wa miezi 21 hadi 35. Wazazi wote walikuwa wakiwasomea watoto wao nyumbani. Kundi moja lilifundishwa kumshirikisha mtoto: kumuuliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana, kupokea jibu lake na kulirefusha, kumpa nafasi ya kusimulia. Kundi la pili liliendelea kusoma kama lilivyozoea. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi la kwanza walikuwa wamewatangulia wenzao kwa miezi kadhaa katika vipimo vya kuzungumza.

Kwa vitendo ni jambo dogo sana. Mtoto anaelekeza kidole na kusema, "Kuku." Mama anajibu, "Ndiyo, kuku mweupe. Anakwenda wapi?" Mtoto: "Kule." Mama: "Kule jikoni. Unadhani jikoni anafuata nini?" Hapo mtoto amepewa rangi, mahali na sababu, na anatakiwa afikiri. Bibi zetu hawakuhitaji kusoma jarida la kitaalamu ili walijue hili. Hadithi ya jioni ilianza kwa paukwa, na haikuendelea mpaka watoto waitikie pakawa. Katikati msimulizi alisimama kuuliza, watoto wakadakia, na palipokuwa na wimbo waliimba wote. Kumsomea mtoto kitabu huku amekatazwa kusema ni kuacha desturi nzuri tuliyokuwa nayo.

Namna ya kukipima kitabu cha picha

Ukiwa dukani, kifungue kitabu ukurasa wa kwanza, ziba maneno kwa kiganja, kisha pitia picha peke yake hadi mwisho. Je, unaweza kusimulia kilichotokea? Kama picha zinakuambia nani anataka nini, nini kimemzuia na mambo yameishaje, hicho ni kitabu. Kama kila ukurasa una mtu amesimama anatabasamu na bila maneno huelewi lolote, picha hizo ni mapambo. Mtoto wa miaka mitatu hasomi maneno, anasoma picha, na mapambo hayo hayampi cha kusoma.

Kisha ondoa kiganja na usome ukurasa mmoja kwa sauti, pale pale dukani, bila haya. Sikio litakuambia. Sentensi za kitabu kizuri cha watoto huenda kwa mdundo, zina marudio ambayo mtoto atayashika siku ya pili na kuyasema kabla yako siku ya tatu. Kitabu kibaya kinakwama mdomoni. Vingi vinavyokwama vimetolewa Kiingereza neno kwa neno, mara nyingine kwa mashine, na hakuna mhariri aliyevipitia. Utakuta "paka yangu", "mbwa kubwa", "kuku yake ilikimbia". Mtu mzima akisoma hayo anakunja uso na kuendelea. Mtoto wa miaka mitatu au minne ndiye hasa anayejenga upatanisho wa lugha yake kichwani, na kitabu kilichochapishwa kwa rangi kina mamlaka kwake kuliko jirani. Kitabu chenye makosa ya namna hiyo kirudishe rafuni, hata kama picha zake zinapendeza.

Umri nao una masharti yake, ingawa si magumu. Mtoto wa mwaka mmoja anahitaji kurasa nene asizoweza kuchana na picha moja kubwa kila ukurasa, kwa kuwa kitabu chake atakitafuna kwanza. Wa miwili hadi mitatu anaridhika na sentensi moja kwa ukurasa na jambo linalojirudia. Wa minne na mitano anataka tatizo: mtoto amepotea sokoni, mbuzi amekula daftari, mvua imenyesha siku ya harusi. Akishafika hapo usimpe kitabu kisicho na tukio, atakikimbia, nawe utadhani hapendi kusoma.

Kuhusu picha zenyewe nina ombi kwa wachoraji na wachapishaji wetu. Vitabu vyetu vya watoto vimejaa simba, twiga na tembo kiasi kwamba mtu anaweza kudhani watoto wa Mbagala, Kisumu na Tanga wanaishi ndani ya hifadhi. Wanyama hao wana nafasi yao, na sungura na fisi wa hadithi za kale wasiondoke kamwe. Ila mtoto anayeanza kuunganisha picha na dunia anahitaji pia kuona vitu vyake: sufuria juu ya jiko la mkaa, ndoo ya maji, daladala, kunguru juu ya paa la bati, bibi anachagua mchele kwenye ungo, punda wa Lamu amebeba mawe ya kujengea. Akiona kitu anachokijua kimechorwa, anaelewa kwamba vitabu vinamhusu. Kutoka hapo unaweza kumpeleka popote, hata kwenye theluji.

Uwezo wa kuchora tunao. John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, alichukua mtindo wa Tingatinga, ule ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akautumia kutengeneza vitabu vya picha vya hadithi za wanyama. Panya, tembo na mbwa wake wanavaa kanga na suruali, wanabeba samaki, wanagombana na kupatana. Vitabu hivyo vilitolewa kwanza Uswisi kwa Kijerumani, kisha vikatafsiriwa kwa lugha nyingine, na kimoja kilipata tuzo katika maonyesho ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia. Nyuma zaidi, mwaka 1971, Muriel Feelings, Mmarekani mweusi aliyewahi kufundisha Uganda, na mumewe mchoraji Tom Feelings walitoa nchini Marekani kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili kuanzia moja hadi kumi, Moja Means One. Mwaka 1974 wakafuatisha cha herufi za Kiswahili, Jambo Means Hello. Vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott, tuzo kubwa ya vitabu vya picha nchini humo. Inaniuma kwamba watoto wa Ulaya na Marekani wamefungua kurasa hizo kabla ya watoto wa Temeke.

Kwa nini rafu ya nyuma ni tupu

Sababu kubwa ni fedha. Kitabu cha mazoezi huchapwa kwa wino mweusi ndani, kwenye karatasi nyepesi, na kikishajazwa kimekwisha. Mdogo wake mtoto lazima anunuliwe kingine. Kitabu cha picha kinahitaji rangi kila ukurasa, karatasi nzito isiyoonyesha upande wa pili, na mchoraji wa kulipwa kwa kazi ya miezi. Hata idadi ya kurasa haichaguliwi ovyo: karatasi kubwa ya mashine ikikunjwa hutoa kurasa 8 au 16, ndiyo maana vitabu vingi vya picha vina kurasa 16, 24 au 32. Mchapishaji anayetoa nakala chache hawezi kushusha bei, na kwa kuwa bei haishuki, wanunuzi hubaki wachache. Kenya nayo iliongeza mzigo wake mwaka 2013, sheria mpya ya kodi ya ongezeko la thamani ilipotoza vitabu asilimia 16, na wachapishaji wakalalamika kwa nguvu.

Wapo waliojaribu kuuvunja mzunguko huo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Canada, ulikuja na mpango wa busara: kuwafundisha waandishi na wachoraji, kisha kununua sehemu ya nakala za kila kitabu kilichokubaliwa na kuzigawa shuleni, ili mchapishaji awe na uhakika kabla hajawasha mashine. Vitabu vingi vya hadithi vya Kiswahili vilivyomo kwenye maktaba za shule za msingi vilipita njia hiyo. Walter Bgoya alipoanzisha kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota mwaka huo huo wa 1991, vitabu vya watoto vilipata nafasi humo. Elieshi Lema na Demere Kitunga, waanzilishi wa E & D, walifanya vivyo hivyo, na Elieshi Lema mwenyewe ameandika vya kwake, kikiwamo Safari ya Prospa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023 kwa riwaya na ushairi, baadaye iliongeza hadithi za watoto. Mzazi anayetafuta aanzie kwa wachapishaji wa namna hiyo, wenye jina la kulinda, kabla ya kununua kitabu kisichotaja mwandishi, mchoraji wala mahali kilipochapwa.

Asiye na fedha naye hajafungiwa mlango. African Storybook, mpango wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, umeweka mtandaoni hadithi nyingi zenye picha katika lugha za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kupakua, kuchapa na hata kurekebisha bila kulipa. StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyoanza mwaka 2015, inafanya hivyo pia. Ubora wa Kiswahili humo unatofautiana, kwa hiyo kile kipimo cha kusoma kwa sauti kitumike. Ukipata hadithi nzuri, peleka steshenari ya mtaani, ichapwe, ikunjwe, ipigwe pini katikati. Mtoto hatajali kwamba haina jalada gumu. Kwa mzazi aliyeko Muscat, Leeds au Minneapolis, ambako kitabu cha Kiswahili hakipatikani dukani, hii ndiyo njia ya haraka kuliko kusubiri mgeni atoke nyumbani.

Maktaba tunazisahau mno. Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967 na ina sehemu ya watoto. Bodi ya Huduma za Maktaba ina matawi mikoani pia. Vitabu vingi humo ni msaada kutoka ng'ambo, vya Kiingereza, na wazazi wengine huviacha kwa kuona havifai. Vichukueni. Picha zikiwa nzuri, simulia hadithi kwa Kiswahili chako ukifuata picha, na mtoto atapata kitabu bora bila kujua kimeandikwa lugha gani.

Jambo hilo hilo linatupa jibu kwa bibi au dada wa kazi asiyejua kusoma, ambaye ndiye anayeshinda na mtoto. Vipo vitabu vya picha visivyo na neno hata moja, na mtu wa namna hiyo ndiye msimulizi wake anayefaa kuliko wote, kwa kuwa lugha imemjaa. Mpe kitabu, mwambie asimulie anavyoona yeye. Nimewaona bibi wakifanya kazi hiyo kwa ufundi ambao mwalimu aliyesomea angeutamani.

Vitabu vya mazoezi, sasa

Sivikatazi. Mtoto wa miaka mitano anapenda kujaza, kuunganisha, kupaka rangi, na mkono wake unahitaji mazoezi. Ninachopinga ni kumkalisha wa miaka mitatu kwenye mistari ya herufi wakati mkono haujawa tayari. Kwa kawaida mtoto huweza kuiga duara akiwa na takriban miaka mitatu, alama ya kujumlisha akiwa na minne, mraba akikaribia mitano, na pembetatu baada ya hapo. Tazama herufi kwa jicho hilo. Herufi o ni duara, l na i ni mistari iliyosimama, a ni duara lenye kijiti ubavuni. Lakini k, v, w, y na z zina mistari ya mshazari, ambayo ni kazi ya mkono uliokwisha kukomaa. Kitabu kinachoanza na A kubwa yenye miguu miwili ya mshazari kimefuata mpangilio wa alfabeti na kimeusahau mkono. Kilicho bora huanza na mistari, mawimbi na maduara, kisha herufi rahisi, huku mshale au nukta ikionyesha pa kuanzia. Bila mshale huo mtoto atajifunza kuchora herufi kutoka chini kwenda juu, na kumrekebisha darasa la kwanza kutachukua muda.

Angalia umbo la herufi zenyewe. Baadhi ya vitabu hutumia chapa ya gazeti, ambamo a ina kofia juu na g ina matanzi mawili. Hakuna anayeandika hivyo kwa mkono. Mtoto anayefuatisha nukta za umbo hilo anahangaika bure.

Halafu tazama mpangilio wa sauti. Kiswahili kina neema ambayo Kiingereza hakina: irabu tano zisizobadilika, na silabi zinazosomeka kama zinavyoandikwa. Mtoto akishika a, e, i, o, u na konsonanti chache kama m, b, k na t, anaweza kusoma mama, baba, kaka, meta, tatu, ndani ya wiki chache. Mtaala wa KKK, ulioanza mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili Tanzania, ulijengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, na humo mtoto alianza na sauti ya herufi. Kitabu cha mazoezi cha Kiswahili kinachomtembeza mtoto A, B, C hadi Z, kikimpa Q na X ambazo hatuna, na C peke yake ambayo kwetu haitoi sauti bila h, kimetoka kwenye kitabu cha Kiingereza kikabadilishwa maneno. Kama mtoto anasoma shule ya Kiingereza, mnunulie cha Kiingereza kilicho kizuri. Kama ni Kiswahili, tafuta kilichojengwa kwa irabu na silabi.

Pwani kuna jambo jingine linalostahili kutajwa, kwa sababu watunzi wa vitabu hulipita. Kwa watoto wengi wa Mombasa, Tanga, Unguja na Pemba, kitabu cha kwanza kabisa kukimiliki ni juzuu ya Kurani. Asubuhi mtoto yuko chekechea akiandika kutoka kushoto kwenda kulia, alasiri yuko chuoni akisoma na kuandika kutoka kulia kwenda kushoto. Watoto huweza mambo haya mawili bila shida kubwa, ila mtoto huyu akigeuza herufi au akianzia ukurasa wa mwisho si mzito wa akili, anafuata utaratibu wa alasiri. Kitabu chake kiwe na alama wazi ya pa kuanzia kwenye kila mstari. Mpango wa shule za awali za Madrasa, ulioanza Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, ulionyesha kwamba elimu ya dini na ya awali zinaweza kukaa chumba kimoja, kwa vifaa vilivyotengenezwa na walimu wenyewe kutokana na vitu vya karibu.

Kwa hesabu, kabla ya kununua kitabu chochote, kusanya vizibo vya soda, kokoto au maharage. Mtoto ahesabu vitu, avigawe, avipange, aone kwamba tano zikitawanywa bado ni tano. Kitabu kizuri cha hesabu kinafuata njia hiyo: kinampa makundi ya vitu vilivyopangwa kwa namna mbalimbali kabla ya kumwandikisha tarakimu. Kinachoanza kwa mistari ishirini ya tarakimu 2 kinafundisha mwandiko, na mwandiko si hesabu.

Karatasi iguse kwa vidole. Ikiwa nyepesi mno, raba itaitoboa na krayoni itapita upande wa pili. Ikiwa ndugu wawili watatumia kitabu kimoja, weka ukurasa ndani ya nailoni ngumu inayoonyesha, aandikie juu kwa kalamu inayofutika. Na usimpe zaidi ya kurasa mbili kwa siku. Mtoto akianza kupiga miayo na kukoroga mistari, kitabu kifungwe.

Hofu ya usaili inabaki, najua. Lakini Kenya imeweka madarasa mawili kamili ya awali, PP1 na PP2, kwa watoto wa miaka minne na mitano, na Tanzania, kwa sera iliyohuishwa mwaka 2023, ina mwaka mmoja wa elimu ya awali kabla ya darasa la kwanza. Madarasa hayo yapo ili watoto wafundishwe herufi na tarakimu na walimu waliosomea kazi hiyo. Shule inayomkataa mtoto wa miaka minne kwa sababu hajaandika jina lake inamtaka mtoto aliyekwisha kufundishwa na mtu mwingine. Mzazi ana haki ya kuitilia shaka.

Ombi langu la mwisho ni kwa walimu wakuu, ambao kabla ya shule kufunguliwa huandaa orodha za mahitaji ya watoto wa awali. Orodha hizo tunazijua: rimu ya karatasi, tishu, sabuni, ufagio, penseli dazani moja, vitabu vitatu vya mazoezi. Ongezeni mstari mmoja: kila mtoto aje na kitabu kimoja cha hadithi chenye picha, cha kubaki darasani. Darasa la watoto 40 litakuwa na maktaba ya vitabu 40 siku ya kwanza ya muhula. Nawe mzazi ambaye shule yako haijauandika mstari huo, ikiwa fedha ya mwezi huu inatosha kitabu kimoja tu, nunua cha hadithi, na usiku huo huo mpakate mtoto umsomee.